Vioo vya Kabatini: Kuzijengea Lenzi za Picha za Mnato Nyumba ya Sinema

 

Mezani nimeweka lenzi mbili na sahani nyeupe ya kulia wali. Sahani tutaifikia. Lenzi ya kwanza ni Nikkor ya milimita 50, tundu lake hufunguka mpaka 1.4. Ya pili ni Helios 44-2 ya milimita 58, kazi ya Warusi, iliyokuwa ikiuzwa pamoja na kamera za Zenit. Zote mbili zilitumika miaka mingi katika studio moja ya picha hapa mjini. Zilipiga pasipoti, vipaimara, watoto waliomaliza darasa la saba, na maharusi waliosimamishwa mbele ya pazia lililochorwa ziwa, ilhali ziwa lenyewe lilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka mlangoni. Mwenye studio alipofariki, mjane wake alizifunga kwenye kipande cha kitenge akazisukuma nyuma ya vikombe kabatini. Siku aliponiuliza kama naweza kumtafutia mnunuzi, nilimwambia mnunuzi amekaa mbele yake.

Makabati ya namna hiyo hapa Mwanza ni mengi, na kila mara nasikia kwamba lenzi za marehemu fulani zimetupwa, au watoto wamezichezea mpaka zikavunjika. Inaniuma. Nimekuja kueleza kwamba vioo vile vinaweza kupiga sinema, tena sinema ya kuonyeshwa kwenye turubai kubwa. Kinachovizuia ni nyumba vilimokaa: yale magamba ya chuma, nyuzi, pete na gololi, vilivyoundwa kwa ajili ya picha za mnato. Nyumba hujengwa upya, na mikono ya kuijenga, kwa sehemu kubwa, tunayo.

Acha nianzie ziwani, usiku. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria hahitaji kuambiwa kwamba dagaa huvuliwa gizani. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu, kwa sababu taa haina nguvu ya kuwaita dagaa mbele ya mbalamwezi. Giza likirudi, taa zinarudi majini. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Ukisimama mwambani usiku wa giza utaziona zimejipanga mbali, kama mtaa mzima umehamia majini.

Miaka kadhaa iliyopita nilitaka kupiga filamu fupi ya wavuvi hao. Nikatoka nao Igombe nikiwa na kamera ndogo ya kidijitali na lenzi iliyokuja nayo ndani ya boksi, ambayo tundu lake pana kabisa ni 4. Mtumbwi ule ulikuwa bado unatumia karabai. Kwa macho yangu nuru ilitosha: niliona uso wa nahodha, mishipa ya mikono iliyovuta kamba, dagaa wakimeta kama sarafu zilizomwagwa. Kamera haikuona hivyo. Nilipandisha usikivu wake mpaka picha ikajaa chengachenga, nyuso zikawa kama zimenyunyiziwa mchanga. Safari ya pili nilibeba Nikkor hii. Tundu la 1.4 hupitisha nuru mara nane ya tundu la 4, na tofauti ilionekana palepale: ngozi ikawa ngozi, mwali wa karabai ukapata rangi yake, na giza la nyuma likabaki giza safi. Nilifurahi mpaka niliporudi nyumbani na kuketi kutazama nilichopiga.

Karibu kila kipande kilikuwa na kasoro, na kasoro zote zilitoka kwenye nyumba ya lenzi. Nizitaje polepole, maana humo ndimo lilimo somo.

Mpiga picha za mnato hufokasi, hutulia, hubonyeza. Alivyoifikia fokasi hakuna anayejua. Picha imebeba sehemu ndogo mno ya sekunde. Kwa hiyo walioziunda lenzi hizi walizipa haraka: kutoka mbali kabisa hadi karibu kabisa pete inazunguka nusu mzunguko au pungufu, ili mwandishi wa michezo asikose bao. Katika sinema ile safari yenyewe imo kwenye picha. Nahodha akiinama kuvuta wavu nami nikimfuata kwa fokasi, mtazamaji anaona kila kusitasita kwa vidole vyangu. Na kwa tundu la 1.4, mtu akiwa mita 2 kutoka kwenye kamera, eneo lililo ndani ya fokasi lina kina cha sentimita 11 hivi, mbele na nyuma vikijumlishwa. Kichwa cha mtu anayeyumbishwa na mawimbi hutoka humo na kurudi kabla hajamaliza sentensi. Kwa pete ya nusu mzunguko, kosa la upana wa ukucha linampoteza kabisa. Lenzi za sinema huipa pete safari ndefu, digrii 270 hadi 300 hivi, vidole vipate nafasi.

Kasoro ya pili ilinishangaza zaidi. Kila nilipogeuza pete, kutoka kwenda mbali hadi kuja karibu, picha nzima iliruka kidogo pembeni, kama mtu aliyesukumwa bega. Nyuzi za ndani zilikuwa zimelika na grisi imekauka, hivyo vioo viliyumba kwanza kabla ya kuanza safari. Katika studio miaka yote ile hakuna bwana harusi aliyewahi kuuona mruko huo. Ya tatu: pete ya fokasi ya Nikkor husogea mbele na nyuma inapozunguka, hivyo gia ya kufokasia iliyofungwa kwenye fimbo za kamera hufika mahali ikabaki inazungusha hewa. Ya nne: pete ya tundu hulia ta, ta, ta kwa kila hatua, na nilipojaribu kupunguza nuru karabai iliposogezwa karibu, picha ilishuka ngazi kwa ngazi mbele ya macho. Ya tano: Nikon huzungusha fokasi upande ulio kinyume na lenzi za sinema. Msaidizi aliyezoea upande mmoja atakwenda mbali wakati anataka kuja karibu, na mtumbwini hakuna muda wa kukumbuka.

Helios ina jibu la mojawapo ya kasoro hizo, ile ya nne. Ina pete mbili za tundu: moja ya kuweka kikomo, yenye hatua zinazolia, na nyingine ya kufungua na kufunga, inayoteleza kama imepakwa samli. Ilikuwa njia ya enzi zile ya kumwezesha mpiga picha kufokasi tundu likiwa wazi, kisha alifunge hadi kikomo bila kuondoa jicho. Sinema haikuwa mawazoni mwa walioiunda, lakini leo watu wa sinema wanaipenda pete hiyo ya pili.

Sasa niwapeleke mbali, maana shida yangu ya karabai ilimpata kabla yangu mtu mwenye jina kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Stanley Kubrick alikuwa akiandaa Barry Lyndon, kisa cha karne ya 18, naye alitaka vyumba vya usiku vionekane kama vilivyoonekana kabla ya umeme, kwa nuru ya mishumaa. Lenzi za sinema za wakati ule hazikuweza. Alichokipata ni Planar ya milimita 50 yenye tundu la 0.7, iliyotengenezwa na Zeiss mwaka 1966. Zilitengenezwa kumi tu. Sita zilikwenda NASA kwa kazi ya kupiga picha za mnato za mwezi, moja ikabaki kwa Zeiss, tatu akazinunua Kubrick. Tundu hilo hupitisha nuru mara nne ya hii Nikkor yangu.

Kioo kilipatikana, nyumba haikuwapo. Kubrick alimpelekea kazi hiyo Ed DiGiulio wa kampuni ya Cinema Products, Marekani, pamoja na kamera ya zamani ya Mitchell BNC. Tatizo lilikuwa la milimita. Kioo cha nyuma cha Planar lazima kikae karibu milimita 4 kutoka kwenye filamu, na mahali hapo ndani ya kamera pana shata inayozunguka. DiGiulio aliondoa shata iliyokuwa ndani ya lenzi yenyewe, akachonga tumbo la kamera, akaijengea lenzi gamba jipya la kufokasia. Kamera ile haikuweza tena kupokea lenzi ya kawaida.

Hata baada ya kazi yote hiyo, fokasi ilibaki ngumu mno. Mitchell ile haikumruhusu mtu kutazama kupitia lenzi wakati inapiga, na kwa tundu la 0.7 kile kina nilichowatajia kinagawanywa kwa mbili. Msaidizi wa kamera, Douglas Milsome, akawekewa kamera ya televisheni ubavuni mwa seti, kwa pembe mraba na kamera kuu, akawa anasoma kwenye kioo cha televisheni mwigizaji amesogea mbele kiasi gani au amerudi nyuma kiasi gani. Waigizaji nao waliketi kama wamechorwa. Wengi husifia utulivu wa nyuso zile mbele ya mishumaa kama uamuzi wa kisanaa. Ndivyo, na mimi huuona pia ule upana wa vidole vitatu ambao hakuna aliyethubutu kuutoka. Filamu ilitoka mwaka 1975, na John Alcott, mpiga picha wake mkuu, akapata tuzo ya Oscar.

Nahodha wangu wa Igombe hawezi kuambiwa atulie kama bibi wa karne ya 18. Dagaa wakiingia, wanavutwa. Kwa hiyo sisi tunaopiga kwa karabai tunaihitaji nyumba nzuri ya lenzi kuliko hata Kubrick.

Kwa miaka mingi baada ya Barry Lyndon, kuhamisha vioo vya picha za mnato ilibaki kazi ya wachache. Kilichoileta tena ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kibati kinachopokea nuru mahali pa filamu. Filamu ya milimita 35 kwenye kamera ya sinema hupita wima, fremu yake ina upana wa milimita 24 hivi. Kwenye kamera ya mnato filamu ileile hupita ikiwa imelala, fremu ni milimita 36 kwa 24. Ndiyo kusema lenzi ya mnato hutupa duara la picha kubwa kuliko lenzi nyingi za sinema za zamani. Mwaka 2008 Canon walitoa 5D Mark II, kamera ya mnato yenye kihisi kikubwa namna hiyo na uwezo wa kurekodi video, na vijana dunia nzima wakaanza kuifungia lenzi za baba zao. Kisha mwaka 2017 ikaja Sony Venice, na mwaka 2018 Arri Alexa LF, kamera za sinema kamili zenye vihisi vya ukubwa huo. Wenye mitaji mikubwa wakajikuta lenzi zao nyingi haziwezi kuvifunika hadi pembeni. Lenzi za Canon FD, Leica R na Nikkor zilizokuwa zimelala zikaamshwa.

Sababu nyingine ni ya macho. Lenzi mpya ni safi sana, na kihisi nacho ni safi sana. Vikikutana, uso wa mtu unakuwa kama umeoshwa kwa dawa. Helios hii, iliyoigwa kutoka Biotar ya Carl Zeiss Jena, huyazungusha majani ya nyuma ya mtu yakawa kama maji yanayoingia kwenye kishimo. Greig Fraser alipopiga Dune: Part Two, iliyotoka mwaka 2024, alitumia pia lenzi za Kisovieti zilizojengewa nyumba mpya na karakana ya Iron Glass ya Ukraine. Fikirini: vioo vya ukoo mmoja na hivi vilivyokaa nyuma ya vikombe.

Hapa naomba mafundi mnisikilize kwa makini, maana tunaingia kwenye vipimo. Kila kamera ina umbali wake maalumu kutoka mdomo unaoshika lenzi hadi kihisi. Nikon ni milimita 46.5. Mdomo wa nyuzi wa Helios, uitwao M42, ni 45.46. Mdomo wa PL, ambao ndio wa kamera nyingi kubwa za sinema, ni 52. Pigeni hesabu wenyewe: ili Nikkor hii ione mbali kwenye kamera ya PL, kitako chake lazima kizame milimita 5.5 ndani ya mdomo wa kamera. Hakuna adapta ya kufanya hivyo. Lenzi haina budi kuvuliwa nguo zote, vioo vitolewe, vivikwe gamba jipya lenye kitako kingine. Lakini kamera ndogo za Sony zina umbali wa milimita 18 tu. Huko kinachotakiwa ni bomba tupu la milimita 28.5, lisilo na kioo chochote ndani. Bomba hilo ndilo mlango wetu.

Bomba lenyewe halitaki mzaha. Chukueni lenzi pana ya milimita 24. Bomba likizidi kwa sehemu 5 za mia za milimita, ambao ni unene wa unywele mwembamba, lenzi ile hata ukiisukuma mwisho wake itafokasi mita 11.5, basi. Ukiwa umefungua tundu, Mwamba wa Bismarck ulioko ng'ambo ya maji hautakuwa na kingo. Watengenezaji wa adapta za bei nafuu wanalijua hilo, hivyo hulifanya bomba kuwa fupi kwa makusudi, ili mbali kuonekane kwa vyovyote vile. Matokeo yake ni kwamba namba za mita zilizochongwa kwenye pete zinakuwa uongo: pete inasema mita 3, picha iko kwingine. Kwa mtu wa mnato si kitu. Kwa msaidizi anayepima kwa futi kutoka kwenye kihisi hadi puani kwa mwigizaji, namba ya uongo ni msiba.

Adapta niliyoinunua mimi ilikuwa fupi kwa sehemu 2 za kumi hivi za milimita. Kuirekebisha kunahitaji vipande vyembamba vya chuma vya kuweka chini ya mdomo wake, na kwa muda mrefu niliwaza kuviagiza nje. Jibu lilikuwa miguuni. Ukuta wa kopo la soda una unene wa takriban sehemu 1 ya kumi ya milimita. Nilikata pete mbili kwa mkasi wa kucha, nikazilaza chini ya parafujo nne, nikafunga, nikaenda ufukweni asubuhi kabla ya joto kuanza kutikisa hewa, nikaielekeza lenzi Bismarck. Pete ilipogota mwisho wake, nyufa za mwamba zilionekana zote.

Mnajua kwa nini eneo lile la katikati ya mji linaitwa Makoroboi. Pale mafundi walichukua makopo yaliyotupwa, wakayakata, wakayakunja, wakayatia utambi na mafuta ya taa, na koroboi ikawaka nyumbani kwa mtu. Bati lililobeba kitu kimoja likapewa kazi nyingine. Nilipokuwa nakata kopo lile la soda nilikuwa nafanya kazi ya mtaa huo.

Nieleze sasa karakana kubwa zinafanya nini, ili tujue tuko wapi. Wako True Lens Services huko Leicestershire, Uingereza, na P+S Technik wa Munich, Ujerumani, na wengine. Wao hutoa vioo vyote pamoja na mapezi ya tundu. Zile nyuzi za zamani za kufokasia mara nyingi huachwa, mahali pake panachongwa mfereji wenye mshazari ambamo kipini kidogo husafiri. Mfereji ndio unaoamua vioo viende haraka kiasi gani, na hivyo pete inaweza kupewa digrii 300 na kugeuzwa upande unaotakiwa. Seti nzima ya lenzi hupewa upana mmoja wa mbele na meno mahali pamoja, ili ukibadilisha lenzi usipange kila kitu upya. Namba za tundu nazo hupimwa upya kwa nuru inayopita kweli kwenye vioo, wala si kwa hesabu ya upana wa tundu pekee. Gharama yake ni maelfu ya dola kwa lenzi moja. Mimi siwezi, na wengi waliomo humu hawawezi.

Lakini kati ya lenzi uchi ya mnato na kazi ya Leicestershire kuna safari ndefu, na zaidi ya nusu yake tunaweza kuitembea. Nyakato kuna SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, na mafundi wa mashine za kukereza. Kando ya ziwa wapo wanaokereza shafti na bushi za boti, watu wanaojua kwamba bushi ikilegea kidogo tu boti nzima inatetemeka. Fundi wa namna hiyo humwelezi maana ya mruko wa picha mara mbili. Nilimpelekea mmoja Nikkor hii. Aliishika, akaizungusha pete mara tatu karibu na sikio, akasema, "Mzee, hii inakunywa." Alimaanisha ina nafasi ndani. Hakuwahi kushika lenzi maishani mwake.

Kwanza tulisafisha nyuzi na kutia grisi. Hapa pana jambo ambalo nalisema kila mahali. Nyuzi za kufokasia hazina mwanzo mmoja kama za bolti. Zina mianzo mingi, na zikiachana zinaweza kuingia tena kwa mlango wowote. Mlango mmoja tu ndio sahihi. Ukikosea, pete itazunguka vizuri kabisa na lenzi haitaona mbali tena. Kwa hiyo unafungua taratibu, robo kwa robo, na palepale nyuzi zinapoachana unasimama na kuchora mstari kwa kalamu ya wino kwenye pande zote mbili. Grisi iwe nzito na ya kazi hiyo. Ile ya baiskeli, kwa joto letu, hutoa mafuta, nayo mafuta hutambaa mpaka kwenye mapezi ya tundu yakagandana.

Kisha tukakereza pete ya aluminiamu ya kuvalishwa juu ya pete ya fokasi, kipenyo cha nje milimita 80. Meno ya sinema yana kipimo kinachotumika dunia nzima, moduli 0.8, na kwa kipenyo hicho yanaingia meno 98. Asiye na mashine ya kukata meno anaweza kuchapisha pete ya plastiki kwa printa ya 3D, inafanya kazi, ingawa hulika mapema. Tulifanya meno yawe mapana kwenda mbele na nyuma, hivyo pete inaposogea gia haiachwi. Na pete ikiwa kubwa zaidi, gurudumu la mkono linalazimika kuzunguka zaidi kwa safari ileile ya lenzi. Safari ya digrii 300 hatukuipata, ila vidole vilipata nafuu kubwa. Upande wa mzunguko tuliurudisha kwa kuongeza gia moja katikati, kwenye kile chombo cha kufokasia.

Kuna nilichokataa, na fundi alinishukuru baadaye. Hatukukata chuma cha asili hata kidogo. Kabla ya hapo niliwahi kumpa mtu lenzi nyingine akaikata kitako ili aitie mdomo mpya. Unga wa chuma uliingia kwenye mapezi, na lenzi ile haikupona. Kila tulichoivisha Nikkor hii kinavuliwa kwa parafujo tatu. Kesho akija mwenye fedha za kuijengea nyumba kamili, ataikuta kama ilivyotoka kiwandani.

Niseme kidogo kuhusu kuvu, kwa sababu tunaishi kando ya maji. Kabla ya kununua lenzi ya kabatini, washa taa ya simu, iweke upande mmoja, tazama kupitia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, ni kuvu. Kuvu hutoa tindikali inayokula utando wa juu ya kioo, na ikishaula haurudi. Lenzi isikae ndani ya begi la ngozi wala ndani ya kitenge, ikae kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vipakiti vya silika, na itolewe juani mara kwa mara. Jua letu lina faida nyingine: Super-Takumar ya 50 yenye tundu la 1.4, katika matoleo yaliyotiwa thoriamu kwenye kioo, hugeuka njano kwa uzee, na ikianikwa siku nyingi weupe hurudi. Kioo hicho kisisagwe wala kukwaruzwa, kina mionzi kidogo.

Hayo yote nayafanyia nini? Mwaka 2004 dunia iliiona Mwanza kupitia filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, kisa cha sangara na ndege za mizigo. Mwaka 2006 iliteuliwa kuwania Oscar, na mwaka huohuo serikali yetu ikaikemea hadharani. Ugomvi ule siuingii leo. Naukumbuka tu kwa sababu Sauper alipiga kwa kamera ndogo, bila kikosi kikubwa. Mimi nataka mtu wa Kirumba amwone nahodha wa Igombe kwenye turubai jinsi nilivyomwona usiku ule kwa macho yangu, na nataka aliyempiga awe amelala mita mia mbili kutoka kwake. Mwezi wa giza uliofuata nilirudi naye majini, Nikkor ikiwa na pete yake ya meno 98. Kuna kipande cha sekunde 40 ambacho nitawaonyesha jioni: anainama, anavuta, anainuka, anageuka kumwita mwanawe, na macho yake hayatoki kwenye fokasi hata mara moja. Karabai inapita mbele ya lenzi na tundu linafungwa polepole bila ngazi.

Hilo la ngazi ndilo tutakalolifanya sasa, na ndiyo kazi ya sahani. Pete ya tundu hulia kwa sababu ya gololi moja ya chuma, ndogo kama punje ya ufuta, inayosukumwa na kijispringi kwenye vishimo. Ukiitoa, pete inakuwa laini. Lakini ukifungua bila kujiandaa gololi huruka, na sakafuni huioni tena. Kwenye sahani nyeupe inaonekana na kusikika. Unaibandika kwa selotepu ndani ya kifuniko cha lenzi, ili anayekuja baada yako airudishe akitaka.

Helios hatutaigusa, haina haja. Tunachukua hii nyingine ya milimita 50 aliyoileta kijana wetu aliyekaa pale, nimeshaitazama kwa taa, haina kuvu. Bisibisi iwe na ncha inayojaa kwenye kichwa cha parafujo. Feni izimwe tafadhali. Walioko nyuma sogeeni mbele, na mwenye kalamu ya wino anipe.